Mzee akikosea mwaka: namna ya kusikiliza historia ya bonde

Kila bonde la kijijini linapoingia midomoni mwa watu, iwe kwa sababu ya bwawa linalopangwa kujengwa, barabara inayokuja au kesi ya mipaka ya ardhi, hujitokeza makundi mawili. La kwanza linasema waulizwe wazee, maana wao ndio wanaojua. La pili linajibu kwamba maneno ya mdomo si historia, na pasipo karatasi hakuna ushahidi. Mtu anachukua simu, anamrekodi mzee kwa dakika kumi, kipande kinasambaa. Kesho yake anaibuka mzee mwingine wa ng'ambo ya mto akiwa na mwaka mwingine na jina jingine la mwenye shamba, na tayari kila upande unamwita mwenzake mwongo.

Mara nyingi hakuna mwongo hapo. Kilichotokea ni kwamba habari za aina tofauti zimechanganywa na kupimwa kwa kipimo kimoja. Ili mjadala huu uende mbele, yafaa kwanza tujue tunazungumzia habari za namna gani.

Aliyeona, aliyepokea, aliyesikia njiani

Historia simulizi, kama watafiti wanavyolitumia jina hilo, ni maelezo ya mtu kuhusu mambo aliyoyaona au kuyapitia mwenyewe, yaliyotolewa katika mahojiano ya makusudi, yakarekodiwa na kuhifadhiwa ili wengine waje wayasikilize. Mapokeo ni yale aliyopokea kutoka kwa waliomtangulia: nani alifika kwanza bondeni, ukoo upi ulivuka mto, chemchemi fulani ilipataje jina lake. Tetesi ni habari iliyo njiani, haina mwenyewe. Na mahojiano ya habari, yale ya redioni au gazetini, hutafuta kauli moja ya kutumika leo jioni, kisha mengine yote yaliyosemwa hutupwa.

Ugumu ni kwamba mtu mmoja anaweza kukupa aina tatu kwa pumzi moja. "Daraja lilisombwa nikiwa darasa la pili, baba alikuwa akisema la kwanza lilisombwa kabla hajaoa, na hili jipya, watu wanasema fundi wake alikula saruji." Sehemu ya kwanza ni ushuhuda. Ya pili ni mapokeo, tena ya hatua moja tu, baba kwa mwana. Ya tatu ni tetesi, nayo si ya kutupwa, kwa sababu inaonyesha watu wanavyolitazama daraja lao na waliolijenga. Lakini haiwezi kuthibitisha chochote kuhusu saruji. Mhojaji mzuri hamkatizi msimulizi ili azitenganishe palepale. Anamwacha amalize, kisha anauliza swali dogo ambalo wengi hulisahau: "Hili uliliona mwenyewe, au uliambiwa?" Na kama aliambiwa: na nani, lini, wakiwa wapi?

Swali hilo dogo ndilo lililoyapa mapokeo heshima yake vyuoni. Jan Vansina, Mbelgiji aliyeanza utafiti miongoni mwa Wakuba wa Kongo mwaka 1953, alieleza katika kitabu chake cha 1961 kwamba mapokeo yanaweza kuchunguzwa kwa makini kama hati zinavyochunguzwa: nani aliyapokea kwa nani, anayeyasimulia ananufaika vipi nayo, na matoleo yake yanapishana wapi. Bethwell Ogot wa Kenya akayatumia mapokeo ya Wajaluo kuandika historia ya uhamiaji wao, kazi iliyochapishwa 1967, wakati wasomi wengi walikuwa bado wanatilia shaka kama historia ya watu wasioacha maandishi inaweza kuandikwa kabisa.

Kwa upande wa ushuhuda, ofisi inayotajwa sana kuwa mwanzo wa kazi hii kwa mpangilio wa kisasa ni ile aliyoianzisha mwanahistoria Allan Nevins katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1948. Nevins aliwafuata wakubwa: wanasiasa, matajiri, majaji. Wakulima, wachimba migodi na wanawake wa majumbani walianza kufuatwa kwa wingi baadaye, miaka ya 1960 na 1970, watafiti walipotambua kwamba wakubwa tayari walikuwa na barua, mafaili na makatibu wa kuwaandikia, na mtu wa shambani hakuwa na kitu ila mdomo wake.

Mfano ulio karibu nasi ni wa 1968. Wanafunzi na walimu wa historia wa Dar es Salaam walikwenda kusini mwa Tanzania kukusanya maelezo kuhusu vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, vilivyoanzia katika vilima vya Umatumbi karibu na bonde la Rufiji. Miaka 63 ilikuwa imepita tangu vianze. Aliyekuwa na miaka 10 vilipolipuka, sasa alikuwa na 73, na bado aliweza kueleza alichokiona. Mpaka hapo, maandishi mengi kuhusu vita hivyo yalikuwa yametoka kwa Wajerumani waliovizima.

Hesabu hiyo ifanye kwa miaka yetu. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961, zilizofurisha mito ya Afrika Mashariki na kuinua kina cha Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita 2 katika muda wa miaka michache, ziko nyuma yetu kwa umbali kama ule uliokuwapo kati ya Majimaji na wale wanafunzi. Kwa hiyo mashahidi bado wapo, na wakiondoka, yale waliyoyaona yatabaki mapokeo kwa wajukuu wao, yenye kanuni tofauti za kuyapima.

Kumbukumbu inashika nini, inaachia nini

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba mzee amehifadhi mambo kichwani kama yalivyotokea, na kazi yetu ni kuyachota tu. Ukikuta kosa, basi ama amezeeka akili ama anadanganya. Kumbukumbu haifanyi kazi hivyo kwa mtu wa umri wowote. Ni kama njia ya miguu. Inayopitwa kila siku hung'aa, isiyopitwa humezwa na nyasi. Mti ukianguka, watu hupinda kuukwepa. Miaka ikipita mti unaoza na kwisha, lakini njia inabaki imepinda, na mgeni atashangaa inazunguka nini. Jambo lililosimuliwa mara nyingi liko wazi, ila limepindwa na yote yaliyowahi kulizuia: aibu, ugomvi wa ndugu, hofu ya mkuu wa eneo, mtoto aliyekuwepo siku linasimuliwa.

Wala kujiamini kwa msimulizi si kipimo. Mwaka 1986, asubuhi baada ya chombo cha anga cha Challenger kulipuka, mwanasaikolojia Ulric Neisser aliwataka wanafunzi nchini Marekani waandike walivyoipata habari hiyo: walikuwa wapi, nani aliwaambia, walikuwa wakifanya nini. Miaka miwili na zaidi baadaye waliulizwa tena. Wengi wakatoa maelezo yanayopingana na yale waliyoyaandika kwa mkono wao, na walikuwa na uhakika nayo. Hao walikuwa vijana wa chuo kikuu. Tuache basi kuutwisha uzee peke yake kosa la kumbukumbu.

Kuna mambo ambayo kumbukumbu huyashika vizuri. Watu wazima hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya kati ya miaka 10 na 30 ya umri wao, kipindi cha mambo ya kwanza kwanza: kazi ya kwanza, ndoa, mtoto, safari. Hushika pia kazi zilizorudiwa, yaani jinsi mfereji ulivyochimbwa na zamu za maji zilivyopangwa, na mahali: jiwe gani, kivuko gani, mti gani. Huteleza kwenye tarehe, idadi, na jambo lipi lilitangulia lipi.

Sasa tazama tunavyohoji. Tunaanza na kile kinachoteleza. Chukua mfano wa kubuni, kijana na bibi wa miaka themanini na kitu:

– Bibi, lile daraja la zamani lilivunjika mwaka gani?

– Mwaka… sabini na ngapi sijui, mwanangu. Weka sabini na tano.

Kijana anaandika 1975, inasambaa, na mwaka umezaliwa. Angalia neno "weka": bibi alikuwa anamsaidia mgeni ajaze nafasi iliyo wazi kwenye karatasi yake. Sasa swali liwe jingine:

– Bibi, siku ile daraja linavunjika, ulikuwa wapi?

– Nilikuwa ng'ambo, kwa dada. Nikakwama huko siku tatu, na mtoto nimemwacha nyumbani ananyonya.

– Mtoto yupi huyo, Bibi?

– Huyu wa tatu. Alikuwa hajasimama dede.

Mtoto wa tatu ana cheti cha kuzaliwa au cha ubatizo, na mtoto asiyesimama dede hajafika, au ndiyo kwanza anakaribia, mwaka mmoja. Tarehe imebanwa bila bibi kulazimishwa kubahatisha. Zaidi ya hapo tumejua kwamba dada yake aliolewa ng'ambo, kwamba watu walivuka kwa miguu kila siku bila wasiwasi, na kwamba kuna swali zuri linasubiri: nani alimnyonyesha mtoto siku hizo tatu? Mwaka wenyewe umekuja kama ziada.

Tarehe hubanwa hivyo kwa kuziegesha kwenye mambo yanayojulikana: uchaguzi, vita, kupatwa kwa jua (wanaastronomia wanaweza kukuhesabia siku na saa yake), mwaka shule ilipofunguliwa. Ndipo unatafuta mashahidi wasioongea: daftari la shule, rekodi za mvua, picha za zamani zilizopigwa kutoka angani, tarehe iliyochongwa kwenye nguzo ya daraja.

Kosa lenye maana

Hapa ndipo wenye kupenda karatasi hupaswa kunyamaza kidogo wasikilize. Katika mji wa Terni, Italia, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, Luigi Trastulli, aliuawa tarehe 17 Machi 1949 polisi walipokabiliana na wafanyakazi waliokuwa wakipinga Italia kujiunga na NATO. Tarehe haina utata, imo kwenye nyaraka. Hata hivyo mtafiti Alessandro Portelli alipowahoji watu wa mji huo miongo kadhaa baadaye, wengi walikiweka kifo hicho mwaka 1953, katika ghasia za wafanyakazi kuachishwa kazi kwa wingi.

Mtafiti wa kawaida angesahihisha mwaka na kuendelea. Portelli alijiuliza kwa nini wengi wakosee kwa namna moja. Jibu lake lilikuwa kwamba mwenzao aliuawa mwaka 1949 na wao hawakuweza kujibu. Hilo liliwauma na kuwafedhehesha. Mwaka 1953 ndipo walipopambana mitaani. Kukihamishia kifo kwenye mapambano hayo kulikipa maana na kulipunguza aibu. Nyaraka za polisi zina tarehe sahihi, ila hazikuambii kamwe kwamba mji mzima ulibeba fedheha hiyo kwa miaka thelathini.

Kwa hiyo ukikuta wazee saba wa bonde moja wakikosea jambo moja kwa njia moja, usikimbilie kuwasahihisha. Huenda wote walisoma kitabu kilekile cha shule au kusikia kipindi kilekile cha redio, jambo linalotokea sana: maandishi hurudi vijijini na kugeuka "alivyotuambia babu". Huenda pia kosa lao limebeba kitu. Uliza walijulia wapi, ndipo uamue.

Ila nitoe angalizo, maana hoja ya Portelli imetumiwa vibaya. Kosa lenye maana linabaki kuwa kosa. Trastulli alikufa 1949. Anayesema "kila mtu ana ukweli wake" anakwepa kazi, na kwenye kesi ya ardhi anaweza kumdhulumu mtu shamba.

Nani anauliza

Kati ya 1936 na 1938 serikali ya Marekani iliendesha mradi uliokusanya maelezo zaidi ya 2,300 ya watu waliowahi kuwa watumwa. Mama mmoja mzee wa Charleston alihojiwa na wahojaji wawili kwa nyakati tofauti. Kwa mhojaji mzungu, ambaye inaelekea alimdhania ni mtu wa ofisi ya ustawi, alimweleza bwana wake wa zamani kuwa mtu mwema. Kwa mhojaji mweusi alieleza viboko, na jinsi baba, mama au ndugu alivyochukuliwa ghafla na kuuzwa. Mdomo ni mmoja, miaka aliyoieleza ni ileile.

Sidhani alimdanganya yeyote kwa tabia mbaya. Alikuwa maskini, mzee, na mbele yake ameketi mtu aliyemdhania ana uwezo wa kuamua kama atapata msaada au la. Vivyo hivyo mgeni anayeingia bondeni na gari lenye nembo ya mradi atasikia habari za shida, kwa sababu wageni wa magari yenye nembo huja kutafuta shida. Mjukuu akiuliza, atapewa maadili. Jirani hapewi kitu: atajibiwa "si unajua mwenyewe", na ndani ya maneno hayo matatu kumefichwa yote ambayo mgeni angeelezwa.

Hakuna mhojaji asiye na rangi. Dawa ni mbili: kuandika mwanzoni mwa rekodi nani anauliza na ana uhusiano gani na msimulizi, na kurudi. Mara ya kwanza mtu hukupa hadithi aliyoizoea kusimulia. Ya pili au ya tatu, akishaona hukukimbia na maneno yake, hukumbuka mengine, hujisahihisha, na pengine husema lile aliloliruka. Anayejisifu kuhoji watu thelathini kwa wiki moja, kila mmoja mara moja, kwa kweli amekusanya salamu.

Bonde lina watu wengi kuliko wazee wake

Tukisema "wazee wa bonde", mara nyingi humaanisha wanaume wanne au watano wanaojua kuongea mbele za watu. Hao wana lao la kusema, hasa kuhusu mipaka, viongozi na koo. Lakini waulize kisima kilikauka miezi gani, nani alikuwa mkunga wa wanawake majumbani, njaa ilipoingia watu walikula majani gani, na utaona wanageuka kumtazama mke wa mmojawapo.

Bonde kwa umbile lake hugawa kumbukumbu. Wa juu, kwenye chanzo cha mto, waliyaona mafuriko kama udongo uliomomonyoka usiku. Wa chini waliyaona kama maji yaliyopanda polepole mpaka mlangoni. Wa ng'ambo waliona ndugu zao wamekatwa upande wa pili. Kuhusu maji ya kumwagilia, wa juu watakwambia kulikuwa na amani siku zote. Waliokuwa chini, ambao maji huwafikia mwisho, wana historia nyingine. Ukisikiliza kingo moja ya mto tu umeandika utetezi wa upande mmoja, hata kama hukukusudia.

Kisha wapo wasiohesabiwa kabisa: kibarua aliyekuja kuvuna msimu mmoja akabaki miaka arobaini, mwalimu aliyehamishiwa hapo, mpangaji asiye na shamba. Huyo kibarua huenda anakumbuka ujira na tabia za matajiri wa bonde kuliko matajiri wenyewe. Umri mkubwa pekee si sifa ya kutosha. Mtu wa miaka 60 aliyeshuhudia jambo ni shahidi bora kwa jambo hilo kuliko wa 90 aliyelisikia.

Na wapo walioondoka. Mwaka 1957 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuliruhusu jiji la Liverpool kujenga bwawa katika bonde la Tryweryn, Wales, na kufikia 1965 kijiji cha Capel Celyn, pamoja na shule, posta na nyumba ya ibada, kilikuwa chini ya maji. Baraza la jiji liliomba radhi mwaka 2005, miaka 40 baadaye. Nyaraka za mradi wa namna hiyo hukwambia ujazo wa maji na gharama. Nani alikuwa jirani wa nani, watoto walipita njia ipi kwenda shule, hayo yaliondoka na watu walipotawanyika. Anayekusanya historia ya bonde lililohamishwa lazima awafuate mijini, akijua pia kwamba aliyeondoka huliona bonde lilivyokuwa siku ile alipoliacha, mara nyingi likiwa zuri zaidi, na aliyebaki amelishuhudia likibadilika.

Je, mahakama inayakubali?

Hapa dhana mbili potofu hukutana. Moja husema mahakama haisikilizi kabisa maneno ya mapokeo. Nyingine husema ukimrekodi mzee umeshinda kesi.

Watu wa Gitxsan na Wet'suwet'en, wa mabonde ya mito Skeena na Bulkley huko British Columbia, Kanada, walidai haki juu ya ardhi ya takriban kilomita za mraba 58,000. Ushahidi wao mkubwa ulikuwa simulizi na nyimbo zilizorithishwa katika koo zao. Mzee mmoja alipotaka kuimba wimbo wa ukoo kizimbani kama sehemu ya ushahidi, jaji alilalamika kwamba sikio lake halishiki nyimbo, kwa hiyo hautamsaidia kitu. Hukumu yake ya 1991 ilizipa simulizi hizo uzito mdogo sana. Tarehe 11 Desemba 1997 Mahakama ya Juu ya Kanada iliitengua, ikaagiza kesi isikilizwe upya, na kusema kwamba simulizi za namna hiyo zipokewe na kuwekwa sawa na ushahidi wa hati. Mwaka 2001, katika kesi nyingine, mahakama hiyohiyo ikaongeza kwamba kupokelewa si kuaminiwa: lazima ziwe na manufaa na za kutegemeka kiasi cha kuridhisha, wala zisivutwe zibebe uzito zisioweza.

Sheria za kila nchi zina njia yake, na anayekwenda mahakamani amwone wakili. Lakini jambo moja linafanana kwa kiasi kikubwa: rekodi isiyojulikana nani aliongea, lini, kwa kuulizwa nini, na imekatwakatwa, ni rahisi sana kuibomoa.

Ruhusa ni zaidi ya "sawa, rekodi"

Wengi hudhani mzee akikubali kuongea amekubali yote. Kukubali kuongea nawe sebuleni si kukubali sauti yake isambazwe, wala jina lake litajwe, wala maneno yake kuhusu shamba la jirani yawekwe mahali jirani atayasikia. Hayo huulizwa moja moja, kwa lugha anayoielewa, kabla na baada ya mahojiano, kwa sababu kabla hajaongea hajui atasema nini. Anaweza kutaka sehemu moja ifungwe mpaka afariki, au ifutwe. Wanaotajwa nao hawakuombwa ruhusa yoyote. Hilo ndilo linaloumiza vijiji vidogo kuliko kitu kingine, maana hata usipotaja jina, kila mtu anajua "yule mwenye duka kando ya kivuko" ni nani.

Wala usiahidi usichoweza. Kati ya 2001 na 2006, mradi wa Chuo cha Boston uliwahoji waliokuwa wapiganaji wa Ireland Kaskazini. Waliahidiwa kwamba maneno yao hayatatolewa wakiwa hai. Mwaka 2011 mamlaka za Marekani, kwa ombi la Uingereza, zilidai kanda hizo kwa amri ya mahakama kwa ajili ya uchunguzi wa mauaji, na baadhi zikakabidhiwa. Ahadi ya mtafiti haizidi nguvu za sheria. Katika bonde la kawaida mambo hayatafika huko, lakini mzee akianza kueleza nani alimuua nani katika ugomvi wa malisho, mhojaji mwaminifu huzima kinasa sauti na kumweleza hatari kabla ya kuendelea.

Baada ya mzee kunyamaza

Vifaa visikutishe. Simu ya kawaida inatosha ikiwekwa karibu na msimulizi, mawimbi yamezimwa, mbali na redio, kuku na bati linalonyeshewa. Ukiweza, rekodi katika faili la WAV (sauti isiyobanwa), kiwango cha 48 kHz na biti 24. Saa moja ya sauti ya njia mbili hula takriban gigabaiti 1, kwa hiyo angalia nafasi kabla hujaenda. Weka nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine kabisa. Kanda nyingi za zamani ziliharibika kwa joto na unyevu zikiwa zimefungiwa kabatini kwa nia njema.

Kuandika kila neno lililosemwa kwenye saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi nane, na hapo ndipo miradi mingi hufia. Kama huna nguvu hiyo, andika muhtasari wa dakika kwa dakika: 00:12 kivuko cha zamani, 00:19 nzige, 00:31 ugomvi wa mfereji. Msikilizaji atafika anapotaka. Ukiandika neno kwa neno, usimsafishe msimulizi. "Sijui bwana, lakini…" ni taarifa kuhusu uhakika wake. Ukiifuta umemfanya awe na uhakika asiokuwa nao. Kimya nacho kiandikwe. Sekunde ishirini za kimya baada ya swali kuhusu kaka yake si nafasi tupu kwenye karatasi.

Kila faili liwe na karatasi yake: jina la msimulizi kama ameruhusu, mwaka wake wa kuzaliwa, mahali alipoishi na miaka aliyoishi hapo, jina la mhojaji na uhusiano wao, tarehe, lugha, nani mwingine alikuwepo chumbani, masharti ya ruhusa. Aliyekuwepo chumbani ni muhimu kuliko inavyodhaniwa; mama mkwe akiketi pembeni, nusu ya majibu huwa yake.

Kisha rekodi irudi. Nakala ya kwanza ni ya msimulizi na familia yake, nyingine iende mahali ambapo mtu wa bonde hilo anaweza kuipata bila kuomba kibali mji mkuu: shule, maktaba ya wilaya, kituo cha jamii. Msimulizi akisikiliza sauti yake, kuna mambo atataka kuyarekebisha, na watoto wake watataka kuyarekebisha zaidi. Marekebisho hayo yaandikwe pembeni, na jina la aliyeyatoa na tarehe yake, na sauti ya kwanza iachwe kama ilivyo.